Kanda za Phelesia

Watu wa Rodi Kopany walimjua Phelesia kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa kiongozi wa nyimbo katika kwaya ya kanisa lao, na alipofungua kinywa siku ya Jumapili, hata wauza nyanya waliokuwa wakipanga mafungu kando ya barabara walinyamaza kidogo. Mumewe, Mwalimu Zablon, hakuwa na sauti hata ya kuitia mbuzi, lakini alikuwa na redio-kaseti. Kila kwaya iliposimama, yeye alikaa benchi la mbele na redio yake magotini, akabonyeza kitufe cha kunasa sauti, akafumba macho. Wanaume wengine huwanunulia wake zao leso. Zablon alinunua kanda.

Kanda hizo zilifika ishirini na sita. Alizipanga katika sanduku la bati, kila moja na tarehe yake kwa mwandiko wa ubaoni. Ukizisikiliza ungesikia pia watoto wakilia, jogoo wa jirani, na Zablon mwenyewe akikohoa wimbo ulipofika patamu. Phelesia alimtania kwa kikohozi hicho miaka nenda miaka rudi.

Kisha, miaka miwili iliyopita, kiharusi kikamwangusha Phelesia. Mkono wa kulia ukalegea na ulimi ukafungwa. Aliwajua watu wote na kuelewa kila neno, lakini alipotaka kuomba maji maneno yalimkwama kooni na machozi yakayatangulia. Muuguzi aliyekuja kumnyoosha viungo akauliza kama mgonjwa alipenda nyimbo. Zablon akacheka kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie nyumbani.

"Basi aimbe," muuguzi akasema. "Wapo wagonjwa ambao kusema kumewashinda, lakini kuimba wanaweza. Akizoea kuimba, huenda na maneno yakamrudia polepole."

Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya uji, Zablon alimwekea mkewe kanda. Phelesia aliifuata sauti yake mwenyewe, kwanza kwa kunguruma, baadaye kwa nusu-maneno, hatimaye kwa maneno mazima. Haba na haba, mwaka ulipokwisha alikuwa na maneno kumi na moja aliyoweza kuyasema hata nje ya wimbo, na Zablon aliyaandika yote nyuma ya kalenda ukutani. La kumi na moja lilikuwa jina la Zablon mwenyewe.

Trizah, kitinda mimba wao, alikuwa karani mjini Migori. Alikuwa msichana mwepesi wa huruma, na mwepesi zaidi wa kuamua. Alipokuja nyumbani Pasaka, alimkuta baba yake akichomoa utepe wa kanda kutoka tumboni mwa redio kwa njiti ya kiberiti, miwani imemshukia puani.

"Baba, hii redio siku moja itakula kanda yote tubaki tunalia," akasema. "Na panya je? Na vumbi? Nipe nizipeleke Migori, nyimbo zihamishiwe kwa simu. Hutageuza upande wala kurudisha nyuma. Unagusa tu, Mama anaimba."

"Na hizi kanda?"

"Za nini tena, Baba? Wimbo ni wimbo."

Zablon alikuna kidevu. Hakupenda, lakini nani humkatalia mtoto anayemletea mama yake dawa? Mwezi wa Mei Trizah akarudi na sanduku, simu mpya, na spika ndogo inayotosha kiganjani. Tuseme ukweli, kitu kilikuwa kizuri. Sauti ya Phelesia ilitoka safi, na hata kikohozi cha Zablon kilisikika vizuri mno. Phelesia alitabasamu kwa upande mmoja wa uso, akaimba hadi uji wa pili ukapoa.

Mwezi wa Juni mtama wa jirani yao Truphena ukaanza kukomaa, na ndege wa kwelea wakaushukia makundi kwa makundi. Truphena alikuwa mjane mchapakazi, naye aliimba safu ya pili katika kwaya ileile ya Phelesia. Asubuhi moja alifika ua wa Zablon akifuta jasho, akaliona sanduku la bati barazani, mfuniko wazi.

"Oyawore, Min Trizah," akamsalimu Phelesia, mama wa Trizah, kwenye kiti chake, kisha akamgeukia Trizah, aliyekuwa amekuja wikendi. "Hizi kaseti bado mnazitaka? Ukivuta ule utepe wake ukaufunga kwa vijiti shambani, upepo ukipiga unalia, jua likiupiga unameta. Ndege hawakaribii kabisa."

"Nyimbo zote ziko kwa simu sasa. Beba zote, mama, zikusaidie."

Phelesia alipiga fimbo yake ya kutembelea sakafuni mara tatu. Alifungua kinywa, shingo ikamsimama, lakini katika maneno yake kumi na moja hapakuwa na hata moja la kumzuia mtu.

"Chai inakuja, Mama," Trizah akasema kwa upendo, akakimbilia jikoni. Chai ilipomiminwa, sanduku lilikuwa limeshavuka ua wa michongoma.

Zablon alikuwa kwenye mkutano wa ukoo. Aliporudi akaambiwa, alipatazama mahali palipokuwa na sanduku. "Haya, nyara," akamwambia binti yake, akimwita mwanangu kwa Kijaluo. "Nyimbo si ziko kwa simu." Jioni hiyo aliyarudia maneno hayo mara tatu, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Sasa, Zablon alikuwa katibu wa ukoo, na ukoo wake ulikuwa na kundi la simu. Kila mazishi, kila harambee, kila jamaa aliyeamka na kutaka kuwatakia wenzake asubuhi njema kwa picha ya maua, vyote vilimwagika katika simu ile. Mwanzoni mwa Julai simu ikaandika kwamba imejaa, ikapendekeza mafaili makubwa ya kufutwa. Zablon alivaa miwani, akasoma agizo mara mbili kama mtu aliyesahihisha mitihani maisha yake yote, kisha akalitii. Akagusa palipoandikwa "Futa zote." Video za mazishi zikaondoka, na nyimbo zote zikazifuata.

Jioni uji ukanywewa. Phelesia akajiweka sawa kitini, akasubiri. Zablon aligusa, akagusa tena, akaizima simu na kuiwasha. Kisha akampigia Trizah.

"Usiogope, Baba," Trizah akamtuliza. "Niliziweka pia mtandaoni. Ngoja niangalie."

Aliangalia. Nyimbo hazikuwa zimepanda mtandaoni hata moja. Aliiagiza simu ile izipandishe itakapopata waifai, nayo ilikuwa ikingoja kwa utiifu tangu Mei katika boma ambalo halijawahi kuonja waifai. Asubuhi alikimbia kwa fundi aliyehamisha nyimbo pale Migori.

"Dada, mimi hufuta kazi ya mteja baada ya wiki mbili," fundi akasema. "Nilikwambia uzihifadhi mahali pawili. Na kanda zenyewe ziko wapi?"

Trizah aliketi kwenye ngazi za duka lile, akalia mbele ya watu bila kujali mkoba wake wala heshima ya ofisi.

Nyumbani mambo yaliharibika haraka. Phelesia alijaribu kuimba bila kanda, wimbo ukamkatikia mstari wa pili. Alijaribu tena, akakosea palepale, akasukuma bakuli la uji likamwagika. Baada ya hapo alikataa hata kujaribu. Maneno yakaanza kumpotea moja baada ya jingine, na ilipofika Ijumaa Zablon alimsikia mkewe akitaka kumwita, akaishia kwenye "Za". Alitoka nje, akajifanya anaangalia kuku.

Jumamosi Trizah akafika. Alikuwa ameomba likizo yake yote ya mwaka. Hakuingia nyumbani, alinyoosha moja kwa moja hadi shambani kwa Truphena. Utepe mweusi ulikuwa umetandazwa juu ya mtama kutoka kijiti hadi kijiti, unametameta na kuvuma. Ilikuwa sauti ya mama yake iliyofungwa pale juu, inafukuza ndege. Trizah aliona haya kuliko alivyowahi kuona haya maishani mwake.

"Mama, naomba unirudishie hizi kanda," akasema.

"Yawa!" Truphena akashika kiuno. "Nirudishe? Mtama unavunwa baada ya wiki mbili. Nikitoa utepe leo, kesho ndege wanakula wote. Wajukuu wangu nitawapikia nini, nyimbo?"

Trizah akamweleza yote, simu, waifai, fundi, na maneno yaliyokuwa yakipotea. Truphena alishusha mikono taratibu.

"Hukuniambia Mama anazitumia kama dawa."

"Sikujua kanda zenyewe zina maana, mama. Nilidhani ni wimbo tu."

"Na mtama?"

"Nitaulinda mimi."

"Wewe wa ofisi?"

"Mimi."

Basi kwa siku kumi na nne Trizah alisimama shambani tangu alfajiri hadi machweo, mfuniko wa sufuria mkono mmoja na mwiko mkono wa pili, akigonga na kupiga kelele kwa sauti aliyoirithi kwa baba yake. Uso ukaungua, viganja vikatoka malengelenge. Kwelea walipotua upande wa mashariki aliwakimbilia huko, nao wakatua magharibi. Zablon aliketi kwenye kigoda ukingoni mwa shamba, akifungua utepe kijiti baada ya kijiti, akiufuta vumbi kwa leso yake ya mfukoni, akiunga palipokatika kwa selotepu na kuuzungusha tena ndani ya kaseti kwa kalamu ya biki. Truphena alikuja kila adhuhuri na bakuli la nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na ingawa alilalamika kwamba Trizah hajui kugonga sufuria, bakuli alilijaza pomoni.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mbuzi walikuwa wametafuna utepe wa pembeni, jua likababua mwingine, na mwingi ulikatika vipande vifupi visivyojulikana ni vya wimbo gani. Katika kanda ishirini na sita, nne tu zilikubali kuzunguka. Tatu kati ya hizo zilikoroma, hazikutoa neno. Iliyobaki ilikuwa ya ibada ya mavuno ya mwaka elfu moja mia tisa tisini na nne.

Mtama ulipoingia ghalani, waliketi barazani saa tisa alasiri, Truphena akiwa nao. Zablon aliitoa redio yake ambayo siku hizi ilimsomea habari tu. "Nyar Karungu," akamwambia mkewe, kwa jina alilomwita tangu alipomtoa kwao Karungu, kule ziwani, "jaribu na mimi, tafadhali." Akabonyeza kitufe.

Kwanza kulisikika mkwaruzo, kisha sauti ya Phelesia wa zamani ikaja, nyembamba na yenye kuyumba:

*Akija asubuhi atanikuta shambani,*
*akija adhuhuri atanikuta kisimani...*

Phelesia alikuwa ameinamisha kichwa. Midomo yake ikaanza kusogea. Neno la kwanza likatoka limevunjika, la pili likatoka nusu. Hapo redio ikanyamaza. Walikuwa wamefika kwenye kiungo, na mstari uliofuata ulikuwa umebaki shambani, au tumboni mwa mbuzi. Zablon alifumba macho kwa uchungu. Trizah akajiziba mdomo.

Katika ukimya ule Phelesia akaendelea peke yake.

*Akija jioni atanikuta njiani,*
*ninarudi, ninarudi nyumbani.*

Maneno yote yalikuwa mazima. Sauti ya kanda iliporejea ilimkuta papo hapo, na wale wawili, Phelesia wa tisini na nne na huyu wa leo, wakaumaliza wimbo pamoja. Truphena alijikuta akiitikia kutoka safu yake ya pili. Zablon alilia waziwazi, na safari hii hakukohoa.

Trizah alitoa simu haraka ili anase wimbo ukirudiwa, akanyoosha mkono kuelekea redio. Fimbo ikagonga sakafu. Phelesia aliitazama simu, akamtazama binti yake, akavuta pumzi.

"Nasa," akasema. Akapumzika. "Kanda... usiguse."

Hakuna wimbo wake hata mmoja wenye neno kanda. Neno hilo lilikuwa lake mwenyewe, na Trizah aliurudisha mkono akicheka na kulia kwa pamoja. Wimbo ulinaswa kwa simu siku ileile, ukapelekwa mtandaoni kutoka Migori palipo na waifai, na kanda yenyewe ikalala chini ya mto wa Phelesia. Zile ishirini na tano hazikurudi hadi leo, na hakuna mashine itakayozirudisha. Kweli wahenga hawakukosea waliposema: usiache mbachao kwa msala upitao.