Wastani Hauna Kiuno

Wastani hauna kiuno. Mmeisikia sokoni leo mkacheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Kaeni, basi. Methali hii ilizaliwa Tukuyu, kwenye kibanda cha fundi cherehani aliyeitwa Ambokile.

Ambokile aliishia darasa la tano, lakini binti yake Tusekile alikuwa amechaguliwa kusomea uongozi wa biashara chuoni. Kabla ya kuripoti, wanafunzi wapya walitakiwa kusoma takwimu za biashara kwa wiki tatu kwenye simu, na mwisho kila mmoja aeleze kazi aliyoifanya kwa hesabu hizo. Atakayeshindwa, nafasi yake anapewa mwingine.

Mtandao ulishika vizuri kibandani tu, kwa hiyo Tusekile alisomea hapo. Ambokile naye alishona huku akimsikiliza mwalimu, Madamu Kokushubila. Alimpenda sana. Alisema ni mwanamke wa kwanza kuzungumza saa nzima kibandani mwake bila kumuuliza nguo yake itakuwa tayari lini.

Siku moja somo lilikuwa wastani. "Jumlisha vyote, gawanya kwa idadi," alisema madamu. "Unapata namba moja ya kuwaelezea wengi. Ila sasa angalieni..."

Hapo bando la simu likaisha, somo likakatika. Hiyo "ila" ndiyo iliyowaponza.

Wakati huo Ambokile alikuwa na suruali thelathini za kwaya ya wanaume, za kuvaliwa Jumapili kwenye sikukuu ya mavuno. Viuno vyote alikuwa amevipima na kuviandika kwenye daftari. Tusekile akalichukua, akajumlisha, akagawanya.

"Baba, ni inchi thelathini na nne. Kata zote hivyo, utamaliza mapema. Na hii ndiyo itakuwa kazi yangu ya chuo."

"Na akiba?" Fundi wa kweli huacha kitambaa cha ziada kwenye mshono wa nyuma, ili mtu akinenepa suruali ipanuliwe.

"Akiba ni ya anayekisia, baba. Sisi tumepiga hesabu."

Ambokile hakuwahi kukata suruali bila akiba kwa miaka ishirini na sita. Lakini huyu alikuwa mtoto wake wa chuo. Akakata.

Sasa, kwaya ile ilikuwa hivi. Waimbaji wa sauti ya besi walikuwa wazee kumi na watano wa inchi thelathini na nane, matumbo ya ndizi na maziwa. Wa sauti ya juu walikuwa vijana kumi na watano wa inchi thelathini, wembamba kama sindano. Wa thelathini na nne hakuwapo hata mmoja.

Jumamosi wakaja kujaribu. Vijana wakabaki wameshikilia suruali kwa mikono miwili. Za wazee ziligoma mapajani. Mzee Mwangoka, kiongozi wa besi, alivuta mpaka jasho likamtoka.

"Ambokile, hii suruali ya nani?"

"Ya wote."

"Huyo Wote ni nani? Mlete hapa aivae."

Simu ya Tusekile ikaita kwa video, madamu na darasa zima wakitazama. Ilikuwa zamu ya Tusekile kueleza kazi yake.

"Tusekile, hao nyuma yako ni nani?" aliuliza madamu.

"Ni takwimu zangu, madamu," alijibu binti, machozi yakimlenga.

"Wangapi wana thelathini na nne?"

"Hakuna."

"Si niliwaambia muangalie kwanza namba zilivyotawanyika?"

"Bando liliisha, madamu."

Ambokile akasukuma uso wake mbele ya simu. "Madamu, mkasi niliushika mimi. Nilijua wastani hauna kiuno, nikanyamaza kwa sababu sikusoma."

Darasa zima likaangua kicheko. Madamu hakucheka. "Tusekile, wewe ndiye meneja. Sikukuu ni kesho. Unafanyaje?"

Tusekile akawatazama vijana, akawatazama wazee. Akafuta macho.

"Vijana wamezidishiwa inchi nne. Wazee wamepungukiwa inchi nne. Ziada ya huku ndiyo upungufu wa kule. Baba, kata hizi, ongeza zile."

"Umefaulu," alisema madamu. "Mshukuru na baba yako."

Jumapili besi waliimba vizuri, kila mzee na kiraka chake nyuma. Walipomaliza walirudi vitini kinyumenyume, na mchungaji akawasifu kwa unyenyekevu wao.

Kwa hiyo mtu akiwaletea namba moja ya kuwatosha watu wote, msibishane naye. Mwambieni alete wa kuivaa. Wastani hauna kiuno.