Utepe Kwenye Koki

Mwekeni mbele ya macho yenu, ndugu waumini, mwashi mmoja wa kisiwani. Jina lake sitalitaja, kwa sababu mkilisikia mtashusha pumzi na kusema, kumbe ni yule. Mwacheni bila jina, apate kuvaa sura ya yeyote kati yetu.

Kisiwa chake kilikuwa na kila kitu isipokuwa maji ya kunywa. Ukichimba kisima, chumvi. Ukihamia upande wa pili ukachimba tena, chumvi. Chai ya kule ina chumvi na uji wa mtoto una chumvi. Maji matamu yalikuja kwa mashua, ndani ya madumu, na bahari ikichafuka mashua haivuki, basi watu wanarudi kisimani kimya kimya.

Siku moja ikaja habari kwamba bomba litalazwa chini ya bahari kutoka bara. Bomba la namna hiyo linahitaji vijumba viwili: kimoja ufukweni bara, pale linapozama, na kimoja ufukweni kisiwani, pale linapoibuka. Ndani ya kila kijumba mna koki kubwa ya chuma yenye usukani. Ukizungusha huku maji yanapita, ukizungusha kule yanakoma. Kuta ni za kuilinda koki na mawimbi na mchanga. Kazi ya kujenga vijumba vyote viwili akapewa mwashi wetu.

Cha bara alikijenga haraka haraka, matofali na bati, basi. Cha kisiwani alikijenga kwa roho yake yote. Maana nyumbani alikuwa na mke, na figo za mke yule zilikuwa zimechoka. Daktari alimwambia waziwazi, "Mama, maji ya kisima acha kabisa. Mwili wako hauna tena nguvu ya chumvi." Kwa hiyo kila jiwe aliloliweka mwashi, alimwekea yeye. Alingoja bahari ipwe ndipo achimbe msingi, amesimama kwenye tope hadi mapajani, na bahari ikijaa alipanda juu kuchonga mawe. Mawimbi yakaubomoa msingi. Akaujenga upya, mpana zaidi, mzito zaidi, huku akiongea na mawe kama mtu anayebembeleza ng'ombe. Hadi hapo, ndugu zangu, ni nani kati yetu angemlaumu?

Bomba likalazwa. Koki ya bara ikafunguliwa, maji yakapita chini ya bahari, yakafika kisiwani, yakasimama nyuma ya koki ya pili. Fundi wa mabomba alimwachia mwashi ufunguo wa mlango na neno moja.

"Fundi mwenzangu, usukani huu uzungushe kidogo kila wiki. Fungua, funga. Chuma cha pwani ukikiacha bila kukitikisa kinashika, hakizunguki tena."

"Nimekusikia," mwashi akasema. Na alikuwa amesikia kweli.

Lakini kulikuwa na kamati. Ni wapi hapa duniani hapana kamati? Kamati ikakaa, ikaona kwamba maji haya hayawezi kufunguliwa hivi hivi, kama mtu anayefunua sufuria. Lazima aje mgeni rasmi. Tena asipoheshimiwa atanuna, na akinuna zahanati haitajengwa, na gati halitatengenezwa. Utepe mwekundu ukaletwa. Kwingine utepe hufungwa mlangoni. Wao wakaona heshima zaidi kuufunga kwenye koki yenyewe, ili mgeni aukate, azungushe, na maji yaruke mbele ya macho yake. Wakauzungusha kwenye usukani, wakaupitisha kwenye nondo ya ukutani, wakaupiga fundo kama ua la bibi harusi.

Mwenyekiti akamwambia mwashi, "Mlinzi ni wewe. Asiguse mtu mpaka mgeni aje."

"Na ile kuizungusha kila wiki?"

"Uizungushe na utepe? Unataka tuaibike? Kwanza hujaona kibao? Jina lako limechongwa kwenye marumaru, bwana. Litasomwa mbele ya watu wote, na mkeo akisikia."

Mwashi akaenda kukitazama kibao. Alipitisha kidole kwenye herufi za jina lake, mara ya kwanza, mara ya pili. Maisha yake yote alikuwa amejenga nyumba za watu, na hakuna nyumba iliyowahi kumtaja. Akarudi, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

Siku ikapangwa. Mgeni rasmi akapata udhuru. Ikapangwa nyingine, akapata udhuru mwingine. Mwashi hakukaa bure. Kila udhuru wa mgeni ulimpa nafasi ya kukipamba kijumba. Akamwaga sakafu ya terazo, akaisugua hadi ikang'aa. Akabandika vigae vyeupe. Akapaka mlango rangi ya buluu.

Mkewe akaja kutazama, anatembea polepole, miguu imevimba. Alisimama mlangoni, akapiga kofi la mshangao.

"Loh! Koki inalala kwenye vigae, mimi nalala kwenye udongo. Hivi uliyemuoa ni mimi au ni chuma?"

Mwashi akacheka. "Vumilia, mke wangu. Siku ile wa kwanza kuchota ni wewe. Nimeshasema na mwenyekiti."

"Sitaki kuwa wa kwanza, bwana. Nataka kunywa."

"Ukitaka, nenda bara kwa dada yako mpaka—" Kisha akasema, "Hapana, kaa. Wakisoma jina langu nawe haupo, itakuwa na maana gani?"

Akakaa. Na alipokuwa amekaa pale, juu ya kizingiti, macho yake yakaona kitu. Kwenye shingo ya koki, pale mti wa usukani unapoingia ndani ya chuma, palikuwa pakidondoka tone. Linavimba, linaning'inia, linaanguka. Kisha jingine. Mama yule alikinga kiganja, akalamba. Akafumba macho.

"Tamu," alisema.

Tangu hapo aliweka kopo chini ya tone lile. Jioni analiweka, asubuhi analikuta limejaa. Asubuhi analiweka, jioni limejaa tena. Utepe hakuukata, usukani hakuugusa. Bahari ilikuwa imechafuka, mashua haivuki, na kisiwa kizima kilikuwa kinakunywa chumvi, lakini yeye alikuwa na kopo lake. Miguu ikaanza kupungua uvimbe. Mwashi akamsikia mkewe akiimba jikoni, jambo ambalo hakuwa amelisikia kwa muda mrefu, na akasimama uani na ndoo mkononi, akaogopa hata kuiweka chini asije akamkatiza.

Kisha ikaja habari: safari hii mgeni anakuja kweli, na watu wa itifaki watatangulia kukagua. Mwenyekiti akaja mbio. Akafungua mlango wa buluu, akaona kopo, na chini ya kopo akaona doa la kutu kwenye terazo.

"Fundi! Ndiyo nini hii? Mgeni aje akute kopo la chooni chini ya koki?"

"La mke wangu hilo."

"Na doa hili? Unataka waseme tumefungua koki mbovu? Kaza hiyo nati ya shingoni, bwana, isidondoshe. Siku zenyewe zimebaki chache tu."

Hapa, ndugu zangu, nataka tusimame kidogo pamoja na mtu huyu. Msimkimbie. Alikuwa ameshika spana. Alilitazama tone, akalitazama doa. Alimfikiria mkewe, wallahi alimfikiria. Alijiambia, siku chache. Alijiambia, amepata nafuu. Alijiambia, nikikataa mwenyekiti atasema mimi ndiye niliyeharibu sherehe. Nani kati yenu hajawahi kujiambia siku chache?

Akakaza. Tone likachelewa kuanguka. Akakaza tena, kwa uzito wa mwili wake wote. Tone likakoma. Akapiga magoti, akalisugua doa mpaka terazo ikamrudishia sura yake mwenyewe.

Jioni mkewe alikuja na kopo. Akaliweka, akainama, akangoja. Akangoja.

"Halidondoki," alisema.

"Nimekaza. Siku chache tu, mke wangu."

Mwanamke yule alikuwa na ulimi, mmeshausikia. Mwashi alijikunja kama mtu anayesubiri kupigwa. Lakini mkewe hakumgombeza. Aliokota kopo, akalifuta kwa upindo wa kanga.

"Haya, bwana," alisema. Akashika njia ya kisimani.

Mgeni rasmi akapata udhuru. Siku chache zikazaa wiki, wiki zikazaa mwezi. Uvimbe ukarudi miguuni, ukapanda usoni. Mwashi alipokuja kusema, twende bara, bahari ilikuwa haivukiki. Mama yule alifariki akiwa na kiu, na akaoshwa kwa maji ya kisima. Nyumba yao haikuwa na maji mengine.

Na mgeni akaja. Msiniulize kwa nini siku ile hakupata udhuru. Ngoma zikapigwa, hotuba zikasomwa, jina la mwashi likatajwa kwenye kipaza sauti na watu wakamgeukia wakimpigia makofi, naye amesimama kama gogo. Mgeni akakata utepe. Akashika usukani. Usukani haukuenda.

"Mheshimiwa, tumia nguvu za kampeni!" mtu mmoja akapiga kelele, na watu wakacheka.

Wakaja vijana wenye misuli, watatu, wanne. Wakapenyeza bomba la chuma kwenye usukani, wakasukuma kwa kifua. Kikasikika kitu kama mfupa unaovunjika. Mti wa usukani ulikuwa umekatika, na usukani ukabaki mikononi mwao kama sahani. Mlango wa ndani ya koki ulikuwa bado umeshuka, na maji bado yamesimama nyuma yake.

Fundi wa mabomba, aliyefuatana na mgeni kutoka bara, akapiga magoti, akapapasa shingo ya koki.

"Nani aliikaza nati hii namna hii?"

"Mimi," mwashi akasema.

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inadondosha."

Fundi alimtazama, na kwa kuwa hakujua habari za msiba alisema alichokiona tu. "Ilikuwa inapumua, ndugu yangu. Umeinyonga."

Baada ya hapo ilikuja koki nyingine. Hakukuwa na ngoma wala mgeni. Iliingizwa siku ya Jumanne, ikafunguliwa, maji yakatoka. Hadi leo yanatoka. Kisiwa kizima kinakunywa, kinapika, kinatawadha. Mwashi peke yake bado anachota kisimani. Jirani zake walimletea ndoo ya maji ya bomba, wakamsihi. Alijaribu. Yakafika mdomoni, koo likakataa.

Sasa tuje kwetu.

Najua mnapenda mfano unaoishia kwa mtu kuliwazwa. Mimi pia napenda. Leo sina. Mwenyezi Mungu ni mwingi wa kusamehe, hilo silitilii shaka, lakini mama yule harudi, na mumewe anajua harudi. Tena hakuuawa na ukame. Maji yalikuwa yamefika! Kati ya maji na midomo yake palikuwa na utepe, na mtu mwema. Mwema, nasema. Kama angekuwa katili, tungemlaani tukaenda zetu kula.

Je, sisi hatuna utepe? Tunangoja Ramadhani ndipo tumkumbuke yatima. Tunangoja mgonjwa afe ndipo tumjazie nyumba wapita njia na wasoma dua. Tunangoja mkutano, tunangoja picha, tunangoja mtu mkubwa aje aone. Msikiti tumeupaka rangi, mazulia tumebadilisha, na jirani na ukuta huu yuko mtu ambaye hajala. Na tunadhani huruma inawekwa kabatini, kwamba siku tukiitaka tutaikuta kama tulivyoiacha. Nani aliyewadanganya? Utashika usukani siku hiyo, utasukuma kwa nguvu zako zote, na kitakachokatika ni wewe.

Baada ya swala hii mtanipa mikono pale mlangoni na kuniambia, shehe, mawaidha mazuri. Tafadhali msiniambie. Nyumbani kwako, au kwa ndugu yako, au katika mtaa wako, yuko mtu ambaye zamani alikuwa akikuomba, na sasa ameacha. Hakulalamikii tena, wala hakusemi kwa watu. Wewe ukadhani ametosheka.

Toka hapa uende moja kwa moja ukamtazame kama bado yupo.