Singo ya Bi Ngiri kwenye Maji ya Moto

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa maji ya moto. Nani kaingia?
— Kaingia asiyetaka kutoka!

Basi, palikuwa na chemchemi ya moto kati ya mawe, maji yenye chumvichumvi, yanatokota bu-bu-bu mchana kutwa. Wanyama walioga kwa zamu, mmoja mmoja, kwa faragha. Ukifika unapiga hodi, aliyemo anatoka, unaingia. Ilikuwa raha tupu, mpaka alipokuja Bi Ngiri na meno yake yale.

Bi Ngiri aliingia, hakutoka. Digidigi akaja, akapiga hodi. "Nimo," akasema Bi Ngiri, "na nitakuwamo." Digidigi akarudi. Kobe akaja, akapiga hodi. "Nimo, na nitakuwamo." Kobe akarudi, na mnajua Kobe kurudi ni safari.

Sasa Pimbi, yule mdogo wa majabalini, alikuwa na bibi yake. Baridi ilimkaza bibi magoti, hainuki, analishwa kitandani. Dawa yake ilikuwa moja tu, maji yale. Pimbi akaenda kuomba, akaonyeshwa meno. Akarudi analia.

Alipochoka kulia akachukua kinu, akatwanga liwa, karafuu na maua ya waridi, twa, twa, twa, akapata bakuli la singo, ile wanayosingwa mabibi harusi. Akarudi nayo chemchemini.

"Shikamoo, Bi Ngiri. Sikuja kuoga mimi. Nimeona ngozi imelainika, nikasema imebaki singo tu."

Bi Ngiri haachi cha bure. Akatoa mgongo. Pimbi akamsinga kwaru, kwaru, kwaru, huku akimsifia kila mkunjo. Alipomaliza akamnong'oneza kwamba sasa yeye ni mwali, na mwali aliyekwisha kusingwa haonwi na mtu wala jua. Hukaa ndani mpaka somo wake, yule kungwi aliyemsinga, aje kumtoa.

"Nikionekana je?"

"Uzuri wote umepotea. Kaa ndani, bibie, somo wako ni mimi. Nitakuja."

Bi Ngiri akajifunika majani ya mgomba, akatimua mbio, tifu, tifu, tifu, akaingia shimoni kwake kinyumenyume, kama kawaida ya ngiri, akakaa humo.

Pimbi akamkokota bibi juu ya kuti mpaka majini. Chubwi! Bibi akashusha pumzi ndefu. Rangi ikamrudia usoni, akacheka peke yake. Pimbi akakaa juu ya jiwe akalia tena, safari hii kwa kushukuru, maana moyo wake ulikuwa umetua.

Baadaye bibi akamuuliza Pimbi ni lini atakwenda kumtoa mwali wake.

"Magoti yako yakipona, bibi."

Bibi akanyoosha la kulia, likanyooka. Akanyoosha la kushoto, likanyooka.

"Bado kidogo," akasema, akazama mpaka shingoni.

Hadithi yangu imeloa, naianika hapa, anayeitaka aikaushe.

Na funzo lake, watoto: mtiini somo wenu. Bi Ngiri alitii, na mpaka leo ndiye mzuri kuliko wote. Anayebisha aseme ni lini alimwona.