Kava Lililogoma Kuingia

Wapendwa, alikuwepo fundi mmoja aliyetengeneza makava mapya ya kadi za kumbukumbu, zile za kompyuta za zamani. Kadi yenyewe ni nyembamba, saizi ya kitambulisho. Plastiki ikichakaa hupasuka, na vya ndani vikabaki wazi. Fundi huyu alipima, akachora kava jipya, mashine yake ikalijenga kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Kazi hiyo aliipenda! Mkewe akimwita kwenye chakula hujibu, "Nakuja," na haji.

Siku moja akaja mama mjane na kadi iliyopasuka. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa kwaya, na nyimbo zote alizotunga zilikuwa humo.

"Mwanangu, kwaya inataka kuziimba tena. Utaweza?"

"Niachie mimi, mama. Itatoka mpya."

Basi fundi akaona kava tupu halimfai marehemu. Akachora ua lililoinuka juu yake, na pembeni akaweka jina lake mwenyewe, yeye fundi. Lilipotoka, lilipendeza jamani! Mama akaja na kompyuta ya mumewe, akaipokea kadi kwa mikono miwili.

"Zuri kweli," akasema, akaisukuma kwenye tundu lake. Ikagoma. Akasukuma tena.

"Labda kompyuta imechakaa," fundi akasema.

"Mwanangu, mimi nimefuata nyimbo."

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mngegombana na tundu? Fundi roho ilimuuma. Kisha akachukua msasa, akasugua ua, akasugua na jina, mpaka kava likawa bapa. Kadi ikaingia taratibu, ikazama yote. Nyimbo zikajipanga kwenye kioo. Mama akaanza kuimba ya kwanza, huku anacheka, na fundi akampokea kwenye kiitikio. Habari ya kava hakuna aliyeiuliza, wala halikuonekana tena. Na fundi hakuwahi kufurahi namna ile.

Ndugu zangu, sisi tumepewa kubeba neno la Mungu tuwafikishie watu. Mbona tunajiongezea mapambo mpaka halipiti? Wewe mzee wa kanisa, wewe mwanakwaya, na mimi ninayesimama hapa mbele: tukiingia nyumba yenye msiba, watu wanasikia neno, au wanatutazama sisi? Tukubali kusuguliwa, wapendwa, hata kama inauma. Tuzame, tusionekane, mradi mjane apate wimbo wake.