Mikono ya Nakiete

Hapo zamani, tena si zamani ya mazimwi bali zamani ya juzijuzi, watu wa kijiji kimoja katika milima ya Upare walichanga wakasimamisha mnara wao wenyewe wa intaneti. Wakauwekea sharti moja: kila kinachopita hapa kitapita sawa, iwe filamu ya tajiri au salamu ya maskini, hakuna cha mbele wala cha nyuma.

Aliyeufurahia mnara huo kuliko wote ni Nakiete. Alizaliwa kiziwi, shule hakuiona, na lugha yake ilikuwa mikono. Binti yake Nambike, aliyeolewa mbali huko Mwanza, aliijua lugha hiyo tangu utotoni. Kila Jumamosi mchana wawili hao walitazamana kwenye simu wakapiga soga kwa mikono, wakicheka mpaka machozi. Wenzake wangeweza kuongea kwa sauti tu. Nakiete, picha ikikwama, basi, amenyamazishwa.

Sasa mnara ulikuwa na ugonjwa wake: ulitumia umeme wa jua, na mawingu yakitanda siku mbili, unazimika. Ikaja kampuni ya filamu ikamwambia mwenyekiti, Mzee Kirumbe, kwamba itawapa betri mpya bure, ila filamu zake zitangulie na vingine vyote visubiri. Kirumbe akaitisha kikao. Habari za betri alizieleza kwa kirefu, za kusubiri kwa kifupi mno. Fundi wa mnara, Semvua, alijua fika kitakachosubiri ni nini, akabaki kuangalia viatu vyake. Jirani Eliwaha, ambaye vikaoni ndiye aliyemtafsiria Nakiete, siku hiyo alikuwa akinong'ona na shoga yake habari za harusi. Wanaokubali wakaambiwa wanyooshe mikono. Nakiete akaona mikono imepanda kila upande, naye akanyoosha wake. Aliunyoosha juu kabisa, maskini, huku akitabasamu.

Betri zikaja. Filamu zikatiririka, na kila nyumba ikafurahi.

Jumamosi ya tatu mawingu yalikuwa yametanda, mnara umebaki na nguvu kidogo, na filamu ndizo zilizotangulia kuila. Nambike akapiga simu akiwa kitandani hospitalini. Uchungu ulikuwa umemshika, mtoto amekaa vibaya, madaktari wanataka kumfanyia upasuaji. Akainua mikono amweleze mama yake, na picha ikaganda. Nakiete aliiona mikono ya mwanawe imesimama hewani, na uso umejaa hofu, lakini neno hakulipata. Akajibu, "Nipo, mwanangu, nipo," akarudia na kurudia, na mikono yake haikufika popote. Akakimbilia kwa Eliwaha, akamkuta ameenda harusini. Sebuleni kwa Eliwaha filamu ilikuwa inakwenda bila kukwama hata kidogo.

Mpaka kesho yake jioni, mkwewe alipompata Eliwaha kwa simu na kusema mama na mtoto ni wazima, Nakiete hakujua kama ana binti au hana. Usiku kama ule simtakii mtu yeyote.

Nambike akawatumia wanakijiji ujumbe: nikipona nakuja na mtoto, na nataka mtu mmoja asimame mbele yangu aniombe radhi. Kikao kikaitishwa tena.

Kirumbe akasema, "Nilitaka mnara usizimike. Bila betri zile, siku ile asingeuona hata uso wa mwanawe."

Semvua akasema, "Mimi fundi. Mnaniagiza, nafanya. Nani aliniuliza?"

Eliwaha alisema huku analia. "Nimemsemea Nakiete miaka ishirini. Nilimsahau dakika tano tu."

Wengine wakakiri kwamba nao walinyoosha mikono, na filamu waliziangalia. Mwenye kampuni hakuwepo. Aliandikiwa barua, hajaijibu.

Ndipo Nakiete aliposimama. Mikono yake ikaenda taratibu, na safari hii Eliwaha hakuacha hata neno moja: "Na mimi nilinyoosha wangu. Nisimame mimi?"

Kikao kikavunjika bila mtu kuchaguliwa. Nambike yuko njiani, mtoto mgongoni, anafika Jumapili. Nanyi mnaonisikiliza, mliokaa hapo na simu zenu mkononi, nisaidieni: je, nani asimame?