Alama za Kuuliza Pembezoni

Kuuliza si ujinga. Methali hii huambiwa wanafunzi, mara chache sana walimu. Mwalimu hudhaniwa kazi yake ni kujibu, na asipojua, heri afunge mdomo asije akaumbuka. Hedwig Cremers aliamini hivyo, na imani hiyo nusura imponze.

Hedwig alikuwa mwalimu mwanagenzi kutoka kusini mwa Uholanzi. Alipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha Friesland, kaskazini, ambako nchi ni tambarare kama meza. Kijiji chenye shule yake kilikaa juu ya kilima ambacho watu wa kale walikirundika kwa mikono yao ili bahari isiwafikie. Kilima hicho ndicho kilichokuwa somo lake la majuma sita. Chuo kilidai kila andalio la somo liwe na maswali ya kuchochea fikra, yatakayowafanya watoto watafute wenyewe.

Msimamizi wake, Bi Baukje Wiersma, alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, aliyefundisha hapo miaka thelathini. Andalio la kwanza alilirudisha likiwa na alama ya kuuliza, kwa kalamu ya kijani, kando ya kila swali. Hakuandika neno lingine.

Hedwig alizikodolea macho alama zile. Je, maswali ni magumu mno? Au mepesi? Akayarefusha. Yakarudi na alama zile zile. Akayafupisha. Alama. Akayaanza yote kwa "kwa nini", na alama zikazidi kunona. Kichwa kikamzunguka kama pia. Angeulizaje? Aseme kwamba mwalimu mtarajiwa haelewi alama ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua? Akafa na tai yake shingoni.

Darasani nako mambo yalikwenda mrama.

"Kwa nini watu wa kale walijenga kilima hiki?" aliuliza siku moja, baada ya kulipiga swali hilo msasa kutwa nzima.

"Maji!" darasa zima likaitikia kwa mkupuo.

Dakika mbili tu za kipindi zilikuwa zimepita. Msichana mmoja, Jildou, akanyoosha mkono. "Mwalimu, tumeshamaliza? Tuchore sasa?"

Juma la tano, Bi Baukje alimsimamisha koridoni. "Ijumaa naandika ripoti yako," alisema. "Kusema kweli, sijui niandike nini."

Hedwig alijua kwamba asiposifiwa na msimamizi, mwaka wake wote wa masomo ungekwenda na maji. Saa ya kahawa ilipofika alipiga moyo konde, akaketi mbele ya Bi Baukje, walimu wengine wakiwapo, na kuweka maandalio yake mezani.

"Samahani, Bi Baukje. Hizi alama zina maana gani?"

"Maana gani vipi? Ni alama za kuuliza. Nakuuliza."

"Unaniuliza nini?"

"Hayo uliyoyaandika! Unataka kweli kuyajua, au unayajua tayari? Wiki tano nangoja unijibu, wewe kimya kama gogo. Nikasema, huyu binti wa kusini ana maringo."

"Mimi nilidhani nimekosea!"

"Ukikosea nitaandika 'umekosea'. Mimi sina mafumbo." Bi Baukje akamsogezea sahani ya biskuti. "Haya, niambie. Kuna nini kwenye kilima hiki usichokijua?"

"Mtanicheka."

"Tutacheka. Sema."

"Upande wa mashariki kimekatwa wima, kama jibini iliyopitiwa kisu. Kila asubuhi napita hapo na baiskeli, najiuliza nusu ya pili imekwenda wapi. Nilidhani kila mtu anajua, mshamba ni mimi tu."

Bi Baukje alitua kikombe chake. "Andika hilo."

"Na jibu lake?"

"Sikwambii ng'o."

Kesho yake ubaoni palikuwa na swali moja tu: Nusu ya kilima chetu imekwenda wapi?

"Imeliwa na bahari," alisema mvulana aitwaye Wybren.

"Bahari iko kaskazini, we!" Jildou akamkatiza. "Itakilaje kutokea mashariki? Mwalimu, kwani wewe unajua?"

"Sijui," alisema Hedwig.

Watoto walitazamana kana kwamba amevua viatu mbele yao. Kisha darasa likalipuka. Walitaka kwenda kupima. Walitaka kuwahoji wazee. Kengele ililia na hakuna aliyeisikia.

Ijumaa asubuhi Jildou alikuja mbio na habari kutoka kwa babu yake: udongo wa kilima ulikuwa na rutuba, hivyo wenyeji wenyewe waliuchimba, wakaupakia kwenye mashua na kuwauzia wakulima wa maeneo ya mchanga.

"Waliuza kilima kilichowaokoa?" Wybren alishangaa. "Na maji yakirudi je?"

Safari hii Hedwig hakuona haya kutojua. Alichukua chaki, akaliandika swali la Wybren chini ya lake.

Nyuma ya darasa, Bi Baukje aliinamia ripoti, akaandika sentensi moja kwa kalamu ya kijani: "Huyu sasa anauliza, mpeni darasa." Alipoisoma, ndipo Hedwig alipoamini kwamba, hata kwa mwalimu, kuuliza si ujinga.