Kwa Mama Afura

Mama mmoja alikuwa na watoto wengi na boma kubwa, kubwa kiasi kwamba jua lilipowachoma usoni watu wa nyumba za mashariki, wa magharibi walikuwa bado wanakoroma. Kila mtoto alijenga nyumba yake humo humo. Walipika vyakula tofauti, walimwomba Mungu kwa namna tofauti, na lugha zao ziliachana mpaka mtu wa nyumba ya juu alihitaji mkalimani akienda kuomba chumvi nyumba ya chini. Lakini wote walinyonya titi moja, na walilijua hilo hata siku walizogombana.

Sasa tazameni jambo hili. Ndani ya boma lile mama hakuwa na jina. Hakulihitaji. Huyu alimwita mama, yule alimwita mayo, wa tatu alimwita nina, na yeye kila alipoitwa, kutoka mlango wowote ule, aliitika abee na kwenda. Nani kati yenu alishamwita mama yake mzazi kwa jina, labda awe anatafuta kofi? Jina la mama ni la watu wa nje.

Na watu wa nje, kwa desturi yetu, humwita mama kwa mtoto wake wa kwanza. Mtoto wa kwanza wa mama huyu alikuwa Semboja. Nyumba yake ilikuwa mbali ndani, juu kilimani, kongwe kuliko zote; moto wa kwanza wa boma uliwashwa hapo. Kwa haki yote mama angeitwa Mama Semboja, lakini haikuwa hivyo. Upande wa kaskazini, langoni, panapotazamana na njia kuu, alikaa binti mmoja aliyeitwa Afura. Nyumba yake ilikuwa ndogo, ila shamba lake lilizaa ngano vizuri mno. Wasafiri wenye njaa walisimama pale, wakanunua, wakala, wakamwona mama amekuja kumjulia hali binti yake. Wakauliza huyu ni nani. Wakajibiwa kwamba ni mama yake Afura. Basi, yakaisha. Hawakuingia ndani, hawakumwona Semboja wala wengine, wakarudi kwao wakisimulia kwamba wamefika kwa Mama Afura. Jina likasambaa, likaota mizizi, na hata kile kilima cha Semboja, ambacho hakuna msafiri aliyekanyaga, kikaitwa kwa Mama Afura.

Na jina la binti lenyewe lilitoka wapi? Hapo ndipo wenye elimu walipopata kazi ya kufanya. Mmoja alisema maana yake ni vumbi. Mwingine akasema ni pango. Wa tatu akasema ni mahali penye jua tele, na wa nne akaapa kwamba maana yake ni pasipo baridi. Waliandika, wakajibizana, wakanuniana. Hakuna aliyekwenda kumuuliza Afura, na kusema kweli hata Afura asingejua. Alipewa jina akiwa mchanga, kama sisi sote.

Jina likishatoka mdomoni mwa watu halina mwenyewe. Wachuuzi waliliandika kwenye magunia, uwele wa Mama Afura, hata kama uwele ule ulilimwa na Semboja kwa jasho lake. Katika mji mmoja wa mbali mtu alizunguka na bakuli akiwaombea wenye njaa wa kwa Mama Afura. Bakuli lilijaa, likamiminwa, likajaa tena, na bomani haikufika hata punje. Nyumba moja ikipata surua, soko zima lilisema kwa Mama Afura kuna ugonjwa, na watu wa nyumba zilizokuwa na afya tele wakanyimwa hata maji ya kunywa. Na kichekesho kikubwa ni watoto wa Afura mwenyewe. Wakifika sokoni na kusikia maneno hayo, walisema wao ni watu wa langoni tu, kwa Mama Afura ni kule nyuma, ndani zaidi.

Lakini tuseme haki. Siku ya mieleka, kijana wa nyumba ya langoni alipowabwaga mabingwa wa miji yote ya jirani, boma zima lilitoka nje likipiga kelele: wa kwa Mama Afura, wa kwa Mama Afura. Walioimba ni wa kilimani, wa mtoni, wa msituni, wote. Semboja naye alipiga kelele, tena aliwazidi wengine kwa sauti, mpaka alipokumbuka kwamba hilo ndilo jina analolichukia. Akajifanya anakohoa.

Maana alilichukia hasa. Kila alikokwenda aliulizwa kama yeye ndiye ndugu yake Afura. Yeye, kifungua mimba, mwenye kilima, ajulikane kwa jina la mdogo wake, na hayo kwa kosa la watu walioishia langoni! Lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Na chini ya kero hiyo palikuwa na donda. Zamani wapita njia hao hao waliondoka na dada yake mdogo, Nyamizi. Hakwenda kwa hiari yake, alifungwa kamba. Na komeo la lango lilifunguliwa na mkono wa ndani, jambo ambalo tangu siku hiyo halikuzungumzwa watu wakiwa wanakula. Nyamizi ndiye aliyekuwa akimfuata Semboja kila mahali, shambani, mtoni, mpaka anamfukuza. Kwa hiyo kila aliposikia Mama Afura, Semboja alisikia sauti za wale waliomchukua. Watu wakimwambia ni jina tu, alikuwa akiinuka na kuondoka.

Mvi zilipomjaa kichwani aliona heri amalize jambo hilo kabla halijammaliza yeye. Aliita kikao cha ukoo mzima. Alisema desturi iko wazi, mama aitwe Mama Semboja. Watu wa magharibi wakajibu kwamba kilima si boma. Wa msituni wakataka jina la msituni. Mmoja akaja na jina la kale sana ambalo, alisema, ndilo la asili, na hapo hapo wengine wakaja na majina ya kale zaidi. Kila mlango ulikuwa na jina lake kibindoni. Mama mwenyewe alikuwa kando akipepeta mtama. Walipomuuliza wazazi wake walimwitaje, alicheka mpaka ungo ukamponyoka, akasema waliokuwa wakimwita hivyo wote wameshatangulia, na yeye ana mboga jikoni inaungua. Akaenda zake. Mwishowe wakakubaliana neno moja tu: jina jipya litatafutwa baadaye, lakini lile la zamani lisitajwe tena. Semboja akapewa kazi ya kutangaza siku ya gulio kwamba hakuna tena mahali paitwapo kwa Mama Afura. Siku ilipofika alivaa kanzu yake nzuri, akatembea kama anakwenda kuoa.

Baragumu likapigwa. La mgambo likilia kuna jambo, na watu wakaacha nyanya zao na mbuzi wao, wakamzunguka. Semboja akasafisha koo. Kabla hajatamka neno, mwanamke mmoja akapenya katikati ya watu. Alikuwa mgeni, viatu vimelika visigino, maneno yake ya kuokoteza njiani. Aliwaona watu wamekusanyika, akadhani hapa ndipo pa kuuliza. Akawaomba radhi wakubwa. Alisema mama yake alichukuliwa akiwa mdogo, na waliomchukua walimvua kila kitu. Walimvua jina lake, wakampa lao. Lugha yake ikamtoka, na mto wa kwao, na mlima, na ukoo. Kitu kimoja tu kilibaki, kwa sababu wenyewe ndicho walichokuwa wakimtukania kila siku: wewe wa kwa Mama Afura. Mama yake akalichukua tusi lile akalifanya wimbo wa kubembelezea watoto wake. Sasa yuko kitandani, mzee, na amemtuma binti yake atembee gulio kwa gulio akiuliza. Je, pana mtu anayejua kwa Mama Afura ni wapi?

Alikuwa na mwanya wa meno ya mbele na paji pana. Alikuwa Nyamizi mtupu.

Soko lote likamgeukia Semboja. Angeweza kusema hakuna mahali hapo, na kwa uamuzi wa kikao angekuwa amesema kweli. Mwanamke angeshukuru, angejitwika mzigo wake, angepita. Semboja aliliona hilo wazi. Kama angelitangaza gulio lililopita, mtoto wa Nyamizi angeambiwa na soko zima kwamba amepotea njia, na angepita mbele ya lango lao akienda zake, na wala wasingejua. Jina alilolichukia maisha yake yote ndilo uzi pekee uliokuwa umebaki kati yake na dada yake, na alikuwa amevaa kanzu nzuri ili aje aukate. Machozi yakamtoka mbele za watu, mzee mzima, na hakuyafuta.

“Kwa Mama Afura ni kwetu,” akasema. “Mimi ni mjomba wako. Twende nyumbani.”

Lo, siku ile! Baragumu lililokuja kwa tangazo lilipigwa njia nzima kwa furaha, na aliyelipiga ni Semboja mwenyewe, vibaya mno, mashavu yamemvimba. Walipokaribia, watoto wa Afura walikuwa langoni. Mgeni akawauliza, naye Semboja akanyamaza kusudi asikie watajibu nini. Wakamtazama yule mwanamke, wakatazamana, wakasema hapa ndipo, umefika, sisi ndio wenyewe. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakuuliza ushahidi. Alimshika masikio yote mawili, akamnusa utosini kama mtoto aliyezaliwa leo, na vigelegele vikapokewa nyumba kwa nyumba mpaka vikafika kilimani.

Kila mlango ukaleta chungu chake. Mgeni alimega ugali akauloweka mchuzini mpaka vidole vikazama, watoto wakamcheka, wakamfundisha kubonyeza tonge. Naye akacheka, na kicheko kilikuwa kile kile cha Nyamizi wa zamani, hata waliokuwa wazee wakaacha kutafuna. Ndipo mjukuu wa yule aliyefungua komeo akasimama, akaenda kupiga magoti mbele yake, akasema yote. Kwa mara ya kwanza jambo lile likazungumzwa watu wakiwa wanakula. Watu walilia, naye mgeni alilia, kisha akamwinua, akamsogezea sahani. Wakaendelea kula mpaka vyungu vikakwanguliwa, na ngoma ikapigwa, na Semboja akacheza na kanzu yake hadi ikapasuka.

Kikao cha jina jipya hakikuitwa tena. Hakuna aliyekikataza, watu walisahau tu, maana walikuwa na safari ya kwenda kumchukua Nyamizi. Ila gulio lililofuata Semboja alisimama pale pale akatangaza. Anayetafuta kwa Mama Afura, aulize kwake. Mchuuzi anayeuza uwele wa Mama Afura aseme pia umetoka nyumba ipi. Anayesema kwa Mama Afura kuna ugonjwa, ataje mlango, apeleke na dawa. Na yule wa bakuli, akapelekewa salamu, anakaribishwa sana aje nalo bomani, walione. Soko likacheka. Na mtu alipomuuliza kama yeye ndiye ndugu yake Afura, alijibu ndiyo, mkubwa wake, na ana dada mwingine anakuja.

Nanyi mnaogombana juu ya neno Afrika, kwamba ni la Warumi, kwamba ni la pembe moja tu ya kaskazini, kwamba ni la vumbi au ni la jua, siwakatazi. Someni, bishaneni, mna haki ya kujua. Ila nijibuni hili moja: jina ni la aliyelitupa langoni akaenda zake, au ni la aliyelibeba mpaka akafika nalo nyumbani?